Kusaidia vijana wa unga mtaani kwako wasife kwa ovadozi: fanya hivi

Hii naiandika kwa mtu wa kawaida, sio daktari wala mtu wa shirika. Mama mwenye genge jirani na maskani, bodaboda wa pale kona, muuza duka la dawa, mjumbe, dada ambaye kaka yake anakula unga na simu ikilia usiku moyo unamshtuka. Wengi tunadhani kuzuia hivi vifo ni kazi ya kliniki ya methadoni (ile dawa ya kunywa inayotolewa hospitali badala ya unga) na wale vijana wanaopita na vizibao na mabegi ya sindano, na kweli ni kazi yao, ila wao wanapita mchana wanaondoka, mtu anazidisha saa nne usiku nyuma ya gofu na aliyepo pale ni wewe na wenzake wawili watatu wanaoogopa polisi. Programu bila mtaa inafika nusu njia tu. Kwahiyo nikisema kusaidia simaanishi kulaiki picha zao.

Kwanza tuelewane kinachoua. Heroini, yani unga wenyewe, na ndugu zake, tramadoli, morfini, kodeini, hata methadoni yenyewe ikitumiwa vibaya, zote zinabana ile sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi. Zikizidi, amri haitoki. Mtu hapigi kelele, anasinzia tu, pumzi zinaanza kuwa za mbali mbali, mwisho hamna. Na hii mara nyingi inachukua muda, inaweza kuwa dakika chache kwa aliyejidunga na inaweza kufika saa moja au zaidi, yani kuna nafasi ya kumuokoa karibu kila mara kama yupo mtu anayejua anachokiangalia. Shida ni kwamba watu wanasema "mwacheni alale, stimu imempanda" na asubuhi ndo wanagundua.

Hatua ya 1: jua nani tayari anafanya hii kazi karibu na wewe

Usianzishe kitu chako kabla hujajua kilichopo. Tanzania kliniki ya kwanza ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, na kwa Tanzania bara na nchi nyingi za huku Afrika ilikuwa jambo geni kabisa, watu walipinga kwamba serikali inagawa unga wa hospitali. Baadae zikaja Mwananyamala na Temeke, Zanzibar wakafungua Kidongo Chekundu, zikafuata Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingine. Kenya walianza Mathari Nairobi mwishoni mwa 2014, ikafuata Malindi na Mombasa. Temeke kulikuwa na shirika la Médecins du Monde la Ufaransa wakigawa sindano safi na kutembelea maskani, Mombasa yapo mashirika ya MEWA na Reachout, Malindi wapo Omari Project, na wenyewe watumiaji wana mitandao yao, TaNPUD kwa Tanzania na KeNPUD kwa Kenya.

Njia rahisi ya kuwapata sio intaneti. Nenda kliniki ya methadoni iliyo karibu asubuhi, pale kwenye foleni ya dawa, uliza mwelimishaji rika wa mtaa wako ni nani. Waelimishaji rika ni watu waliowahi kutumia au bado wako kwenye methadoni, wanajua kila kijiwe na kila gofu, na ndo mgongo wa kazi yote hii hata kama kwenye ripoti wanaandikwa mwishoni. Chukua namba yake, mwambie we ni nani na unakaa wapi. Ukishindwa kabisa, Tanzania piga 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Kenya piga 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, zote bure.

Hatua ya 2: jifunze kumrudisha mtu, na uwafundishe wengine watano

Hapa ndo nitakaa sana kwa sababu ndo penyewe.

Dalili: haamki hata umwite kwa jina na kumtikisa. Pumzi chache, chini ya moja kila sekunde tano sita, au hamna. Anakoroma kwa sauti ya ajabu kama ana maji kooni, hiyo watu wanaichukulia usingizi mzito wakati ni pumzi inayokatika. Midomo na kucha zimepoteza rangi, kwa mtu mweusi usitafute bluu, angalia kijivu, mfunue mdomo kwa ndani uone. Mboni za macho zimekuwa vidoti.

Ukiona hivyo:

1. Muite kwa sauti, halafu msugue kwa nguvu katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Inauma, na ndo maana yake. Akijibu, mkalishe, mwongeleshe, usimwache asinzie tena.

2. Asipojibu, tuma mtu akatafute usafiri na mwingine ampigie mwelimishaji rika. Dar kusubiri ambulansi usiku ni kamari, bajaji ni bora kuliko boda kwa sababu inabidi alale na mtu awe anampa pumzi njiani. Usiwe wewe wa kukimbia kama we ndo unayejua kutoa huduma.

3. Mlaze chali, angalia mdomoni kama kuna kitu kimekwama utoe, inua kidevu kichwa kirudi nyuma. Bana pua, ziba mdomo wake kwa mdomo wako (weka kitambaa chepesi kama unaogopa) na mpulizie pumzi moja kila sekunde tano, uone kifua kinapanda. Usiache. Watu wanakimbilia kutafuta sindano wanasahau kwamba kinachomuua ni kukosa hewa, na hewa unayo wewe. Kama hapumui kabisa na umefundishwa kukandamiza kifua, fanya na hiyo pia.

4. Kama naloksoni ipo, ile dawa ya dharura inayozima nguvu ya unga ili pumzi irudi, mpe. Ya sindano inakuja kwenye kichupa cha glasi, mara nyingi miligramu 0.4, funga shingo ya kichupa na kitambaa ndo uvunje usijikate, vuta yote, mdunge kwenye msuli wa paja kwa nje au begani, hata juu ya nguo ni sawa. Huna haja ya kutafuta mshipa. Endelea na pumzi. Dakika mbili tatu zikipita hamna mabadiliko, mpe ya pili.

5. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, mkono chini ya shavu, akitapika asipaliwe.

6. Kaa nae. Hii hatua ndo inarukwa. Naloksoni inafanya kazi kama dakika 30 mpaka 90 hivi halafu inaisha, na unga au methadoni bado vimo mwilini, kwahiyo mtu anaweza kuzama tena akiwa kalala nyumbani na nyie mmeshaenda kusimulia. Mpelekeni hospitali hata kama kaamka.

Na akiamka usitegemee asante. Naloksoni inauzima unga kwenye ubongo kwa mara moja, anaamka na arosto kali (yale mateso ya mwili kukosa unga), jasho, kichefuchefu, na anaweza kukutukana kwamba umemharibia stimu yake ya hela. Usigombane nae. Mwambie taratibu, "Kaka, ulikuwa hupumui. Hii arosto itapungua yenyewe ndani ya saa moja hivi, usiongeze kete saivi, ukiongeza utazima tena." Rudia rudia, maana kichwa chake bado hakijakaa sawa.

Vitu vya kuacha: maziwa (mtu asiye na fahamu ukimnywesha chochote unampalia), kumwagia ndoo ya maji, kumpiga makofi mfululizo, kumdunga maji ya chumvi, kumdunga kitu kingine "kumwamsha". Hivi vyote vinakula zile dakika ambazo ungekuwa unampulizia.

Hii yote inafundishika kwa saa moja au mbili kwa watu ambao hawajasoma chochote cha afya. Sio kitu kipya duniani, kule Chicago kikundi cha Chicago Recovery Alliance kilianza kuwapa naloksoni watumiaji wenyewe tangu 1996, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 likatoa mwongozo kwamba yeyote anayeweza kuwepo mtu anapozidisha apewe dawa hiyo na afundishwe kuitumia. Kwahiyo mtu akikwambia "hayo waachie madaktari" unaweza kumjibu kwamba hata hao wakubwa wa madaktari hawasemi hivyo. We kazi yako ni kuomba hayo mafunzo yaje mtaani, tafuta sehemu (ofisi ya mtaa, ukumbi wa kikundi, hata chini ya mwembe), leta watu sahihi. Watu sahihi ni wanaokaa na watumiaji: wake zao, mama zao, bodaboda, wauza kahawa, walinzi wa usiku. Na watumiaji wenyewe kabla ya wote.

Hatua ya 3: dawa ikae ilipo hatari

Naloksoni ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, haimleweshi mtu, haiuzwi vijiweni kwa sababu hamna anayeitaka kwa starehe, na ukimpa mtu ambaye kumbe hajala unga haimdhuru. Ila upatikanaji wake unatofautiana sana, kuna programu zinawapa waelimishaji rika watembee nayo, kuna sehemu imefungiwa kwenye kabati la kliniki inayofungwa mchana, na maduka ya dawa mengi ya kawaida hayana. Sa dawa ya dharura iliyofungiwa kabatini usiku ni sawa na hakuna.

Unachoweza kufanya: kama una famasi, ongea na mganga mkuu wa wilaya na kliniki ya methadoni ujue utaratibu wa kuiweka, na ujue wateja wako wa sindano ni akina nani badala ya kuwafukuza. Kama we ni mkazi tu, muulize mwelimishaji rika, "usiku dawa inakaa kwa nani?" Kama jibu ni "hamna", hilo ndo la kupeleka kwenye kikao, na ulipeleke kila kikao mpaka wachoke. Pakipatikana nyumba ya kuiweka iwe ya mtu anayelala hapo, haogopi kugongewa saa nane usiku, na maskani wanamwamini. Isikae juani wala juu ya friji linalochemka, na tarehe ya kuisha iandikwe kwa maka peni kubwa nje ya boksi.

Hatua ya 4: nauli ya methadoni

Hii inaonekana ndogo lakini ukiniuliza mimi ndo msaada wenye faida kuliko yote ukitoa ule wa pumzi. Methadoni inanywewa kila siku mbele ya muuguzi, Jumapili na sikukuu zimo, na mtu wa Mbagala au Bunju anayeanza siku bila hata mia anatakiwa afike. Akikosa nauli siku mbili tatu, arosto inampata, anarudi kwenye kete. Na kubaki kwenye dawa ndo kunakookoa, kuna utafiti uliojumlisha tafiti nyingi ukachapishwa 2017, ulikuta kwa kila watu 1000 kwa mwaka walioko kwenye methadoni walikufa kama 11, walioacha kama 36. Hatari zaidi ni zile wiki nne za mwanzo baada ya kuanza, na zile za mwanzo baada ya kuacha.

Najua kinachofuata, "nikimpa nauli ataenda kununua kete". Sawa, basi usimpe mkononi. Mlipe bodaboda kwa wiki. Ongea na konda mnayefahamiana. Vicoba wengi wana mfuko wa jamii, omba kinamama watoe kidogo humo kwa mtu mmoja mmoja. Au msindikize tu zile wiki za mwanzo, mtu akijua kuna anayemsubiri saa kumi na mbili asubuhi anaamka. Na chai, jamani, dawa juu ya tumbo tupu sio mchezo.

Mambo mawili ya kumkumbusha bila kumhubiria. Asichanganye methadoni na pombe, valiamu au vidonge vingine vya usingizi, huo mchanganyiko ndo unazima watu. Na akikosa siku kadhaa asifiche kliniki, watampunguzia dozi kwa sababu mwili umeshapungua uvumilivu. Kama kuna siku amepewa ya kwenda nayo nyumbani ikae mbali na watoto kabisa, kipimo cha mtu mzima kinaua mtoto.

Hatua ya 5: zilinde siku za kutoka

Kutoka soba hausi (nyumba wanakokaa watu kuacha unga), kutoka gerezani, kutoka mahabusu, kutoka hospitali, kurudi kutoka kijijini alikopelekwa "akae mbali na marafiki". Hizi ndo siku za vifo na familia zinazichukulia kuwa za furaha. Mwili uliokaa bila unga miezi mitatu umesahau kile kipimo cha zamani, ila kichwa kinakikumbuka. Kule jimbo la Washington Marekani walifuatilia waliotoka jela, utafiti ukatoka 2007, wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa kwa ovadozi ilikuwa mara 129 ya watu wengine wa jimbo hilo. Mara 129!

Mi nataka kila soba hausi kabla haijamruhusu mtu iongee nae wazi, na wengine hawataki, wanaona ukimwambia kijana "ukirudi fanya hivi" umempa ruhusa ya kurudi. Hapana. Mwambie vyote viwili kwa pumzi moja, "Mdogo wangu, sitaki urudi, na mi nipo nawe. Ila ikitokea umeteleza, usile kile kipimo chako cha zamani, anza na robo, na usile peke yako chumbani umejifungia." Kama una ndugu ndani ya soba hausi waulize wenye nyumba siku ya kutoka imepangwa lini, na siku hiyo mwelimishaji rika awepo, sio kuwaachia wale wa kijiweni wampokee.

Na Ramadhani iingie hapa. Vijana wengi wa Pwani wanajizuia au kupunguza mwezi mzima, Mungu awalipe, sa Idd ikifika mtu ana kanzu mpya na hela za mkono wa Idd, anarudi kwenye kipimo cha Shaabani. Maimamu wangelisema hili ijumaa ya mwisho, dakika moja tu, wangeokoa watu. Nenda kamuone imamu wako kabla, mpe maneno mafupi yaliyoandikwa, usimwachie atafute mwenyewe.

Hatua ya 6: mwenyekiti, polisi kata, ulinzi shirikishi

Watu wanamwacha mwenzao anakufa kwa sababu wakipiga simu wanakamatwa. Hilo mafunzo ya pumzi hayawezi kulitibu. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla halijatokea, uende na mtu wa programu mwenye kitambulisho na barua, na muombe vitu viwili tu vya maana: anayeita msaada kwa aliyezidisha asikamatwe pale pale, na waelimishaji rika wenye begi la sindano wasisumbuliwe. Usianze kuomba na kituo na ofisi na bendera. Viwili. Halafu muombe awaite polisi kata na vijana wa ulinzi shirikishi muongee mezani, mpeni kila mmoja na yeye hayo mafunzo ya saa moja, askari aliyewahi kumpulizia mtu akaamka anabadilika kuliko aliyesomewa waraka.

Atakayepinga zaidi ni jirani mwenye hasira ya kuibiwa, na ana haki ya hasira. Usimwambie "hawa ni wagonjwa" basi yaishe. Mwambie aliye kwenye methadoni haamki na arosto, na wizi mwingi wa ndoo na nondo unatokana na arosto ya asubuhi.

Hatua ya 7: hela, na jinsi ya kuitoa bila kuwasumbua

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, programu nyingi za huku zilizokuwa zinaishi kwa PEPFAR, mfuko wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, zikayumba. Kwahiyo hela ndogo za ndani saivi zina maana kuliko zamani. Usiende na maboksi ya nguo za mitumba na mpiga picha. Uliza, "wiki hii mmekwama wapi?" Majibu yatakuwa ya kawaida sana: glavu, sabuni, boksi la kutupia sindano, bando la mwelimishaji rika (maana kukiwa na mzigo mpya mkali mtaani ujumbe ndo unaokoa), nauli ya usiku, sukari ya uji. Lipia kitu kimoja kila mwezi kuliko vingi mara moja halafu kimya. Na kama kuna posho ya waelimishaji rika ya kuchangia, changia hiyo, wanafanya kazi ya hatari kwa hela ya vocha.

Mlioko Marekani, naloksoni ya kupuliza puani inauzwa famasi bila cheti tangu 2023 na sehemu nyingi wanaigawa bure, ibebe kwenye begi maana huko tatizo ni fentanili, ndugu ya heroini mwenye nguvu kuliko heroini yenyewe, na vijana wetu wamo. Ila usiijaze kwenye sanduku kuileta Dar kimya kimya, ongea na programu kwanza, dawa zina taratibu za kuingia na mzigo ukikamatwa bandarini wanaochafuka jina ni wao.

Ikitokea mtu amefariki

Familia itasema presha au kifo cha ghafla, waache, huo sio wakati wa kubishana. We mpe taarifa mwelimishaji rika siku hiyo hiyo: eneo, saa, alikuwa ametoka wapi, alichanganya na nini, mzigo ulitoka kijiwe gani. Jina halihitajiki. Kama ni mzigo mkali, wengine wataufuata kesho, kwahiyo taarifa iwafikie ndani ya masaa, sio siku.

Halafu wale wenzake wa maskani, wanaofukuzwa msibani kwa sababu ya kuonekana kwao. Waombee kwa mwenye msiba wakae hata pale nje kwenye viti vya mwisho, wale pilau na wenzao, na mwelimishaji rika akae nao. Siku hiyo ndo wanasikiliza, wanauliza wenyewe "tungefanyaje?", na mafunzo ambayo wamekuwa wakiyakimbia miezi wanayaomba. Uwe na tarehe mkononi ya kuwapa, isiwe "tutawaita".